Sera ya Usalama wa Maudhui: Kazi Inayoanza Mfumo Ukishazinduliwa

Ukurasa wa tovuti ya halmashauri ukifunguliwa kwenye simu pale Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, haufiki ukiwa kitu kimoja. Hutangulia maandishi, na ndani yake mna maagizo ambayo kivinjari huyatekeleza mara moja: picha ichukuliwe kwenye seva ya serikali, video YouTube, ramani Google, kaunta ya wageni kwa kampuni ambayo huenda mwenye tovuti hajawahi hata kuandikiana nayo barua. Baadhi ya vipande hivyo ni vya kutazamwa tu. Vingine ni skripti, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya ukurasa, na hapo ndipo penye hatari. Skripti ikishaingia ndani ya ukurasa, kivinjari hakitofautishi ya mwenyeji na ya mgeni. Zote hupata mamlaka yale yale: kusoma kinachoandikwa kwenye fomu, kubadili maneno yanayoonekana kwenye kioo, kuchukua taarifa na kuzipeleka kokote bila mtumiaji kuhisi chochote.

Sera ya usalama wa maudhui, ambayo wataalamu huiita CSP, ilibuniwa ili kupunguza mamlaka hayo. Kwa umbo ni mstari wa maandishi tu, unaosafiri kwenye heda ya jibu la seva kabla ya ukurasa wenyewe. Unakiambia kivinjari kwamba katika ukurasa huu skripti zitoke hapa, picha zitoke pale, taarifa zitumwe huku. Kingine chochote kikataliwe, hata kama ukurasa wenyewe umekiomba. Hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Njia nyingine nyingi za kulinda mifumo hujaribu kumzuia mwizi asiingie. CSP inaanzia kwenye dhana kwamba huenda ameshaingia, na inajaribu kumnyima uwezo wa kufanya alichokijia.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 2004 na mtaalamu wa usalama Robert Hansen. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, kijana mmoja wa Marekani, Samy Kamkar, aliandika skripti kwenye wasifu wake wa MySpace, na kila aliyeutembelea akaambukizwa na kuambukiza wengine; kwa chini ya siku moja zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameguswa. Mozilla waliingiza sera hii kwenye Firefox 4 mwaka 2011, na toleo lake la pili likawa kiwango rasmi cha W3C mwaka 2016. Leo vivinjari vyote vikubwa vinaitekeleza. Uwezo upo, haulipiwi, na hauhitaji mashine mpya. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuisimamia, na hiyo ndiyo hoja yangu.

Tuchukulie mfumo wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, unaoandikisha wakulima wa pamba wa Meatu: jina, kijiji, kilo zilizopimwa, daraja la pamba, namba ya simu ya kupokelea malipo. Karani anaingiza taarifa, mhasibu anazifungua na kuidhinisha. Mtu mwenye nia mbaya akifaulu kuandika skripti kwenye nafasi ya jina au ya maoni, na mfumo ukaihifadhi bila kuisafisha, skripti hiyo italala kwenye kanzidata hadi siku mhasibu atakapofungua orodha. Hapo itaamka ndani ya kivinjari chake, ikiwa na mamlaka yake yote. Inaweza kubadili namba za simu za wakulima kabla hajabonyeza kitufe cha kuidhinisha, na kwenye kumbukumbu za mfumo itaonekana ni yeye aliyebadili.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kusafisha kila kinachoingizwa na kila kinachoonyeshwa, na hakuna sera inayoweza kuchukua nafasi ya usafi huo. Lakini mfumo wenye kurasa mia una nafasi nyingi za mtu kusahau. Agizo moja la CSP, `script-src 'self'`, linatosha kuikatalia skripti ile iliyolala kwenye jina, kwa kuwa linaruhusu tu mafaili ya skripti yanayotoka kwenye seva ya mfumo wenyewe na kupiga marufuku skripti zilizoandikwa katikati ya ukurasa.

Shida ni kwamba agizo hilo hilo huvunja mfumo. Watengenezaji wengi wamezoea kuandika skripti palepale ndani ya ukurasa, au kuweka `onclick` kwenye kitufe. Sera ikiwashwa, vitufe vinakaa kimya, kalenda haifunguki, ripoti haichapishiki. Simu zinaanza kupigwa, na mtengenezaji anatafuta njia ya haraka. Njia hiyo ipo: anaongeza neno `'unsafe-inline'`, kila kitu kinarudi, na watumiaji wananyamaza. Kilichorudi pamoja na vitufe ni ile ruhusa ya skripti ya mwizi, kwa sababu kivinjari hakina namna ya kujua ipi iliandikwa na mtengenezaji na ipi ilipitia kwenye jina la mkulima.

Mwaka 2016 watafiti wa Google, wakiongozwa na Lukas Weichselbaum, walichunguza sera za tovuti zaidi ya milioni moja na nusu zilizokuwa na CSP. Karibu asilimia 95 ya sera zilizojaribu kudhibiti skripti zilikuwa zinaweza kukwepwa. Wenye tovuti hizo hawakuwa wazembe wa kupuuza usalama kabisa; walikuwa wameandika sera, wameiweka, na pengine wameripoti kwa wakubwa wao kwamba kazi imekamilika. Naiona hali hiyo kuwa mbaya kuliko kutokuwa na sera, maana asiye nayo walau anajua kwamba hana.

Utafiti huo ulionyesha udhaifu mwingine ambao haukuwa umeeleweka vizuri: kuamini majina ya tovuti. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kuorodhesha tovuti zinazoaminika, hii ya takwimu, ile ya fonti, ile ya ramani. Orodha kama hiyo ni sawa na karani wa ghala anayepokea magunia ya pamba kwa kusoma jina lililoandikwa juu ya gunia bila kulifungua. Jina linaweza kuwa la mkulima mwaminifu anayejulikana kijiji kizima, na ndani pakawa na mchanga, au gunia likawa limebadilishwa njiani.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2024 kwa huduma ya polyfill.io, iliyokuwa ikigawa skripti za kusaidia vivinjari vya zamani. Mwezi Februari jina hilo la tovuti lilinunuliwa na kampuni iitwayo Funnull. Kufikia Juni, watafiti wa kampuni ya Sansec walibaini kwamba skripti zake zimeanza kuwapeleka watumiaji wa simu kwenye tovuti za kubashiri michezo. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikiitumia. Jina lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye orodha za kuaminika. Aliyebadilika ni mwenye jina. Kuna jambo jingine katika kisa hicho linalotuhusu sana sisi ambao wananchi wetu wanaingia mtandaoni kwa simu. Skripti ile ililenga simu za aina fulani, kwa saa fulani, na ilijificha ikihisi kwamba anayetazama ni msimamizi wa tovuti. Ofisa TEHAMA aliyekaa ofisini na kompyuta yake angeufungua ukurasa mara kumi na kuona uko salama, huku mwananchi mwenye simu janja akipelekwa kwenye kamari.

Njia inayopendekezwa sasa ni kuamini skripti yenyewe badala ya anwani ilikotoka, na kuna namna mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni nonsi: kila ukurasa unapotolewa, seva hutunga namba ndefu ya kubahatisha, huiandika kwenye sera na kwenye kila skripti halali ya ukurasa huo. Isiyo nayo haiendeshwi. Skripti iliyolala kwenye jina la mkulima haiwezi kuijua namba iliyotungwa sekunde hii. Ya pili ni heshi, ambayo ni alama inayokokotolewa kutokana na maandishi ya skripti. Herufi moja ikibadilishwa, alama haifanani tena na kivinjari kinakataa. Sera fupi ya mfumo wa ndani, kwa njia ya nonsi, inaweza kuwa hivi:

`Content-Security-Policy: default-src 'self'; script-src 'nonce-NAMBA' 'strict-dynamic'; object-src 'none'; base-uri 'none'; form-action 'self'; frame-ancestors 'none'`

Maagizo matatu ya mwisho hayarithi chochote kutoka `default-src`, na wengi huyasahau kwa kudhani kwamba neno hilo la kwanza limeshafunika yote. Bila `base-uri`, mtu anaweza kuzigeuza anwani fupi za ukurasa zielekee kwake. Bila `form-action`, fomu ya kuingilia inaweza kutumwa kwake. Bila `frame-ancestors`, ukurasa wa kuidhinisha malipo unaweza kufichwa ndani ya ukurasa mwingine ili mhasibu abonyeze asichokiona. Neno `'strict-dynamic'` nalo linataka uangalifu: linairuhusu skripti iliyoaminiwa kuita nyingine, na hizo nyingine zinarithi imani hiyo. Linarahisisha kazi, lakini linamaanisha kwamba ukiiamini skripti ya nje umewaamini na wote itakaowaita.

Kati ya nonsi na heshi, uchaguzi unategemea aina ya ukurasa, na kwa mahali kama Meatu unategemea pia bando la mtumiaji. Kurasa za umma za tovuti, kama matangazo ya ajira au taarifa za mapato na matumizi, hufaa kuhifadhiwa kwenye akiba ili zifunguke haraka na kwa gharama ndogo. Ukurasa uliohifadhiwa na kugawiwa watu wengi utabeba nonsi ile ile kwa wote, na namba inayojulikana na wote hailindi kitu. Huko heshi ndiyo inayofaa. Nonsi iachiwe kurasa za watu walioingia kwa nywila, ambazo hutungwa upya kwa kila mmoja.

Mazungumzo mengi kuhusu CSP hukomea kwenye skripti, na hilo ni kosa. Kati ya Agosti na Septemba 2018, wezi walibadili faili moja la skripti kwenye tovuti ya British Airways, wakaongeza mistari 22. Kila abiria alipolipa, taarifa za kadi yake zilinakiliwa na kutumwa kwenye anwani baways.com, iliyosajiliwa ili ifanane na ya kampuni. Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza ilisema zaidi ya wateja 400,000 waliathirika, na Oktoba 2020 ikaitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20. Faili lililobadilishwa lilikuwa kwenye seva ya kampuni yenyewe, kwa hiyo sera inayosema skripti zitoke nyumbani tu ingeliruhusu. Ambalo lingeweza kukwamisha wizi ni agizo la `connect-src`, linaloamua taarifa zipelekwe wapi. Mfumo wa wakulima hauna sababu ya kutuma kitu popote isipokuwa kwenye seva yake. Andika hivyo, na mwizi aliyefika ndani atahangaika kutafuta mlango wa kutokea. Milango mingine ipo, mfano kumhamishia mtumiaji kwenye ukurasa mwingine, lakini ni ya kelele zaidi na inaonekana.

Basi sera nzuri inawekwaje bila kuuvunja mfumo? Kuna heda ya pili, `Content-Security-Policy-Report-Only`, ambayo haikatazi chochote. Kivinjari kinaisoma sera, kinaona kipi kingezuiwa, na kutuma ripoti kwenye anwani uliyoitaja. Hiki ndicho kipindi chenye kazi, na ndicho wanachokiruka wenye haraka. Wiki moja haitoshi. Mfumo wa pamba una kurasa ambazo hazifunguliwi hadi msimu wa ununuzi, ambao kwa kawaida huanza Mei, na nyingine hazifunguliwi hadi hesabu za kufunga mwaka wa fedha mwishoni mwa Juni. Anayeijaribu sera yake Februari kisha akaiwasha Machi atakuja kujua alichokisahau siku ambayo wakulima wamepanga foleni ghalani. Ningeshauri ripoti zikusanywe msimu mzima, marekebisho yafanyike baada ya msimu, na sera iwashwe wakati mashamba yanaandaliwa upya na ofisi ina nafasi ya kupumua.

Ripoti zenyewe zinataka mtu wa kuzisoma kwa subira. Nyingi zitakuwa kelele za viongezi ambavyo watumiaji wameviweka kwenye vivinjari vyao, au programu ya kuzuia virusi inayopachika skripti zake. Anayezisoma kwa pupa ataanza kuruhusu kila kinacholalamika, na baada ya miezi michache sera itakuwa imerudi ilikotoka. Kanuni yangu ni kwamba hakuna kinachoongezwa kwenye sera bila jina la mtu aliyekiomba, sababu na tarehe ya kukipitia tena. Kinachokosa mtu wa kukitetea tarehe hiyo ikifika kiondolewe.

Kuna na suala la faragha ambalo nadra kutajwa. Ripoti hubeba anwani ya ukurasa uliokuwa wazi, na mifumo mingine huweka namba ya mkulima au ya malipo ndani ya anwani hiyo. Ukitumia huduma ya nje ya kukusanya ripoti, unazisafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi kwenda nje. Ni rahisi zaidi kuzipokea ripoti kwenye seva yako mwenyewe na kuzifuta baada ya muda uliopangwa.

Sasa nani abebe kazi hii? Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilijengwa juu ya mfumo mmoja, kwa ushirikiano wa TAMISEMI, iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao ambayo leo ni Mamlaka, na mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Meatu inafanana na Maswa, Itilima, Busega na Bariadi kwa sababu hiyo. Mfanano huo una faida kubwa: sera moja iliyoandikwa vizuri juu inaweza kuzilinda zote chini, na halmashauri yenye ofisa mmoja wa TEHAMA haihitaji kuibuni upya. Una hatari pia. Februari 11, 2018, wahalifu waliibadili skripti ya Browsealoud, programu ya kuwasomea maandishi watu wenye ulemavu wa kuona au wa kusoma. Kwa saa chache zaidi ya tovuti 4,000, nyingi zikiwa za halmashauri na hospitali za Uingereza na hata ile ya Ofisi ya Kamishna wa Taarifa, zilitumia kompyuta za wageni wao kuchimba sarafu ya mtandaoni ya Monero. Ofisi hizo zilikuwa na kipande kimoja cha pamoja, na hakikuwa na alama ya heshi ya kukihakiki.

Kwa hiyo sehemu ya kazi ni ya makao makuu, na sehemu haiwezi kufanyika huko. Anayejua kwamba wiki hii idara ya elimu imeomba kupachika fomu ya nje, au kwamba kaunta ya wageni haijatazamwa na mtu kwa miaka, ni ofisa aliyeko Mwanhuzi. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuuliza swali jepesi lenye manufaa kuliko maagizo yote niliyoyataja: kipande hiki kina kazi gani hapa? Jibu likikosekana, kiondoe. Kila kipande cha nje kilichoondolewa hufupisha sera na huokoa bando la mwananchi.

Yapo ambayo CSP haiwezi, na ni vyema yasemwe kwa uwazi kabla mtu hajaiuza kama kinga ya kila kitu. Shambulio lililoikumba eCitizen ya Kenya Julai 2023 lilikuwa la kuizidi mifumo kwa maombi mengi, na sera hii haina la kufanya mbele ya mafuriko ya namna hiyo. Haimzuii mtu aliyeiba nywila ya karani. Na kivinjari cha Opera Mini, ambacho watu wetu wengi wanakipenda kwa kubana matumizi ya data, hakiitekelezi sera hii kinapofanya kazi katika hali ya kubana zaidi. Mtumiaji huyo analindwa na usafi wa mfumo peke yake, ndiyo maana nilisema usafi unatangulia.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa mikataba ya mifumo katika halmashauri, vyama vya ushirika na hospitali za wilaya. Mkataba unaofuata uwe na kifungu kinachomtaka mkandarasi akabidhi mfumo usiohitaji `'unsafe-inline'`, pamoja na sera yake iliyoandikwa na ripoti za msimu mmoja wa majaribio. Na kabla ya kusaini hati ya mapokezi, litajwe kwa cheo jina la ofisa atakayeisoma sera hiyo kila robo mwaka.